Nasomea Afya ya Jamii Marekani: je, nichukue tamthilia ya muziki kama fani ndogo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 20, kwetu ni Morogoro, na sasa niko muhula wa kwanza katika chuo kikuu cha serikali hapa Marekani. Nasomea Afya ya Jamii kwa ufadhili. Nimeimba kwaya kanisani tangu darasa la nne. Chuoni kwetu kuna fani ndogo (minor), ile inayosomwa pembeni ya fani kuu, ya tamthilia ya muziki, yaani maigizo yanayosimuliwa kwa nyimbo na dansi. Ina krediti 21, na moyo wangu wote uko huko. Baba anasema nimetumwa kusoma, sikutumwa kucheza. Sijui kusoma nota za mistari, najua solfa tu, na dansi sijawahi kufundishwa. Je, niichukue? Itanisaidia kupata kazi ya jukwaani huku? Na kwenye usaili naruhusiwa kuimba Kiswahili?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ichukue, kwa sharti moja: uichukue kwa ajili ya ufundi utakaotoka nao, maana jina litakaloandikwa pembeni ya cheti halina uzito mkubwa. Karibu yote nitakayokuandikia yanatokana na sharti hilo, pamoja na hilo la baba.

Nianze na hesabu, kwa kuwa naamini barua hii itamfikia yeye pia. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120 kwa miaka 4, na kozi ya muhula mmoja mara nyingi ni krediti 3. Ndani ya hizo 120 kuna masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi lazima ayapitie, kuna fani kuu, na kuna nafasi zinazobaki ambazo mwanafunzi huzijaza apendavyo. Fani ndogo inaingia kwenye nafasi hizo. Vyuo vingi huiweka kati ya krediti 15 na 24. Yako ya 21 ni kozi 7, na wewe una mihula 7 mbele yako. Kozi moja kwa muhula. Hofu ya kwamba utachelewa kumaliza haina msingi, mradi upange mapema. Tena huenda kozi moja au mbili zikahesabika pia kwenye masomo ya jumla, kwani vyuo vingi hudai kila mwanafunzi asome angalau somo moja la sanaa. Muulize mshauri wako wa masomo ni krediti ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa pande mbili. Kila chuo kina kikomo chake.

Usiilinganishe fani ndogo na ile shahada kamili ya sanaa wanayoiita BFA. Wanafunzi wa BFA hufanyiwa usaili mkali kabla hata ya kupokewa, na sehemu kubwa ya krediti zao, theluthi mbili hivi, ni kazi ya studio: sauti, uigizaji na dansi karibu kila siku kwa miaka 4. Kozi 7 haziwezi kukufikisha walipofika, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Lakini kozi 7 zilizochaguliwa kwa akili zinaweza kukupa sauti ambayo unaelewa jinsi inavyofanya kazi, mwili usioogopa kutazamwa, na jicho la kuona namna wimbo unavyoibeba hadithi. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulipiganie zaidi, na nitalirudia.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, nenda ofisini kwa idara na karatasi yako ya kozi, umwombe msimamizi wa fani ndogo dakika chache. Swali la kwanza: je, mwanafunzi wa fani ndogo anapata mwalimu wa sauti wa peke yake, au ni darasa la pamoja la watu kumi na kitu? Masomo ya mtu mmoja mmoja ni ghali kwa chuo, kwa hiyo mara nyingi wenye fani kuu hupewa nafasi kwanza. Darasa la pamoja si baya kwa muhula wa kwanza. Lakini kama hutapata mwalimu wa peke yako hata muhula mmoja katika miaka yote, thamani ya fani hiyo kwako inapungua sana. Swali la pili: je, wa fani ndogo anaruhusiwa kufanya usaili wa maonyesho makubwa ya idara, na kweli huwa wanapewa nafasi? Msikilize anavyojibu. Ikiwezekana, watafute wanafunzi wawili watatu wa fani ndogo walio mwaka wa mwisho uwaulize hilohilo.

Swali la tatu ndilo wengi husahau: kozi ipi inafundishwa kila muhula, ipi mara moja kwa mwaka, na ipi kila baada ya miaka miwili? Kozi hizi hupanda kwa ngazi. Huwezi kuingia Nadharia ya Muziki ya 2 kabla ya kupita ya 1, wala darasa la uigizaji kwa wimbo kabla ya Uigizaji wa 1. Mwanafunzi anayeanza mwaka wa pili akijua nafasi bado ipo, akakuta ile kozi ya mwisho inatolewa mwaka ambao tayari atakuwa amehitimu, anaikosa fani nzima kwa kozi moja. Kwa hiyo panga kuanzia mwisho: andika muhula wako wa mwisho juu ya karatasi, weka hapo kozi ya juu kabisa, kisha shuka nyuma muhula kwa muhula hadi leo.

Sasa solfa. Umeandika "najua solfa tu" kama mtu anayeomba radhi, na hapo nataka nikuinue kichwa. Solfa tunayoimbia kwenye kwaya zetu ilienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ikaja kwetu na wamisionari, na msingi wake ni kwamba do ni nyumbani kwa wimbo, popote wimbo ulipopandishwa au kushushwa. Madarasa mengi ya kufundisha sikio katika vyuo vya Marekani yanatumia msingi huohuo. Utakutana na vijana waliopiga piano tangu utotoni, vidole vyao vinakimbia, lakini ukiwaandikia nota 8 wasizowahi kuzisikia na kuwaambia waimbe bila chombo, wanakwama. Wewe umekuwa ukifanya hivyo kila wiki tangu darasa la nne.

Kuna tofauti ndogo za kuzoea. Fa iliyopandishwa kwenye solfa ya Curwen huitwa fe, wao huiita fi. Ti iliyoshushwa tunaiita ta, wao te. Na wimbo wa maina (minor), ule wenye ladha ya huzuni, ambao sisi tunaanzia la, walimu wengi wa huko wanauanzia do kisha wanabadilisha majina ya nota zilizoshuka. Wiki ya kwanza itakuchanganya, ya tatu utakuwa umezoea. Ulizia mapema mwalimu wako anatumia mfumo gani, kwa kuwa wapo wanaotumia namba, na wapo wanaoifunga do kwenye nota moja isiyohama.

Unachokosa ni kusoma mistari mitano, na njia ya kwenda huko ni fupi kuliko unavyodhani. Tafuta kitabu cha nyimbo cha kanisa lolote la Kimarekani lililo karibu nawe. Vingi vimeandikwa kwa nota za mistari, sauti zote nne. Humo utakuta tuni ambazo unazijua kwa moyo, maana tenzi zetu nyingi zilitafsiriwa kutoka kwao. Chagua moja. Tazama alama zilizopangwa mwanzoni mwa mistari, kabla ya nota yoyote. Zikiwa za shapu (♯), ile ya mwisho kulia ni ti. Zikiwa za flati (♭), ya mwisho kulia ni fa. Kutoka hapo hesabu hadi uipate do, kisha andika kwa penseli herufi za solfa chini ya kila nota ya sauti yako. Imba. Kesho yake chukua wimbo wa pili na uandike herufi chini ya nota ya kwanza ya kila mstari tu. Wimbo wa tatu usiandike chochote isipokuwa do. Fanya hivyo likizo nzima ya Desemba, dakika 20 kwa siku, na utaingia Nadharia ya 1 ukiwa mbele ya nusu ya darasa.

Sauti yenyewe itahitaji kugeuzwa kidogo. Mwalimu wa kwaya amekulea sauti yako izame katika sauti za wenzako, asisikike mtu. Jukwaani wanataka asikike mtu, tena mtu mwenye jina na shida zake. Utafundishwa kuimba karibu na jinsi unavyozungumza, na baadaye kupandisha sauti ya kifua kwa nguvu bila kuumia. Hili la pili usijifundishe mwenyewe kwa kuiga video. Linataka mwalimu aliyesimama mbele yako akisikiliza. Koo likiuma, simama siku hiyohiyo. Na ukikaa na sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki mbili, nenda ukaonwe na daktari wa koo.

Irabu zetu tano zitakusaidia sana. Zimenyooka, hazitelezi, na ndizo walimu wa sauti wanazowatafutia wanafunzi wao kwa miezi. Tatizo litakuwa Kiingereza, ambacho kina irabu zinazoanza mahali pamoja na kuishia pengine ndani ya silabi moja. Dawa yake ni kuishikilia ile ya kwanza muda wote wa nota, ya pili ukaigusa mwishoni kabisa. Na silabi ambazo Kiingereza kinazimeza, zimeze kweli. Sisi tumezoea kuipa kila silabi haki yake, na ukifanya hivyo kwenye Kiingereza kilichoimbwa, mstari unakuwa mzito na msikilizaji anapoteza neno kuu. Kabla ya kuimba wimbo wowote, useme kwanza kama maneno ya mtu anayemwambia mwenzake kitu, mara tano, hadi ujue neno linalobeba uzito katika kila mstari. Lafudhi yako ya Morogoro haina haja ya kufutwa. Inahitaji tu kueleweka.

Kuhusu dansi, anza na darasa la bale la wanaoanza kabisa, hata kama unatamani jazi. Majina ya miondoko ya bale ndiyo yanayotumiwa na walimu wa dansi nyingine nyingi, na usipoyajua utakuwa unatafsiri wakati wenzako wanacheza. Bale inaupeleka uzito wa mwili juu. Ngoma zetu nyingi zinaupeleka chini, goti limekunjwa na mguu unaongea na ardhi. Kwa hiyo miezi ya kwanza utajisikia mgeni katika mwili wako. Vumilia. Utakapofika darasa la jazi au la tepu, ile dansi ya viatu vyenye chuma iliyokuzwa sana na Wamarekani weusi, uzito wako wa chini na sikio lako la mapigo vitakuwa mali. Wakikufundisha mfululizo wa hatua kwa hesabu ya nane, shika miguu kwanza, mikono itafuata.

Nirudi kwenye lile nililosema ulipiganie, namna wimbo unavyoibeba hadithi. Kwetu tuna desturi kubwa ya kuchanganya muziki na maigizo. Waliokua Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka jioni za vikundi vya sanaa vya Muungano na baadaye TOT: ngoma, vichekesho, taarabu, sarakasi, vyote katika usiku mmoja, ukumbi umejaa. Lakini katika jioni ile kila kitu kilisimama peke yake. Igizo likiisha, taarabu inapanda. Tamthilia ya muziki inayofundishwa Marekani, hasa kwa namna iliyoimarika baada ya onyesho la "Oklahoma!" mwaka 1943, inadai kitu kingine: wimbo ukianza, hadithi iko mahali fulani, na ukiisha iwe imesogea. Ukiweza kuuondoa wimbo na hadithi isipungukiwe chochote, basi wimbo huo haukustahili kuwapo.

Tuchukue mfano wa fani yako kuu. Mama kijana wa kijiji fulani cha Kilosa hataki kumpeleka mtoto chanjo ya surua. Katika maonyesho mengi ya uhamasishaji tunayoyajua, nesi anasema faida za chanjo, kisha kikundi kinaimba wimbo wa kusifu chanjo, watu wanapiga makofi, wanaondoka. Wimbo ule haukumgusa mama. Sasa mpe mama mwenyewe wimbo. Ubeti wa kwanza anajibu maneno ya mama mkwe wake, ambaye yuko pale pale uani anapeta mchele: chanjo ilimpa homa mtoto wa jirani. Anaimba kwa sauti ndogo, tuni inakaa chini, inarudi palepale kama mtu anayezunguka. Ubeti wa pili anamtaja mdogo wake aliyekufa kwa surua kabla hajajifunza kutembea, jina ambalo halijatajwa katika nyumba hiyo kwa miaka. Hapo tuni inavunja ule mzunguko na kupanda. Ubeti wa tatu mama mkwe naye anaingia, kwa maneno yake yaleyale ya mwanzo, lakini wakati anaimba ameacha kupeta. Wimbo unakwisha ungo ukiwa umewekwa chini na mama akifunga mtoto mgongoni. Hakuna aliyetaja faida za chanjo. Watazamaji wameona uamuzi ukifanyika mbele ya macho yao, pamoja na hofu iliyokuwa nyuma yake.

Kujenga wimbo wa namna hiyo ni ufundi unaofundishika. Kozi ya uigizaji kwa wimbo itakufundisha kuona ubeti unabadilisha nini. Kozi ya nadharia itakueleza kwa nini tuni iliyovunja mzunguko inagusa. Kama chuo chako kina kozi ya uandishi wa tamthilia au ya uongozaji, omba ruhusa uihesabu ndani ya zile 7, hata kama itabidi uache kozi moja ya dansi. Ningekuwa mshauri wako ningelipigania hilo kwa nguvu zote.

Hili la afya na jukwaa lina wazee wake hapa nyumbani, na baba anapaswa kuwajua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, kwa ngoma, nyimbo na maigizo, na jambo lililoibuka na kujadiliwa lilikuwa mimba za wasichana wadogo. Wanakijiji wenyewe ndio waliocheza na ndio waliojadili. Mlama aliandika kitabu kuhusu njia hiyo, kilichotoka mwaka 1991, na maktaba ya chuo chako ikiwa haina inaweza kukuazimia kutoka chuo kingine. Soma kabla ya kuzungumza na baba. Kisha usimwambie kwamba unataka kuimba. Mwonyeshe karatasi yenye kozi zako zote za mihula 7, tarehe ya kuhitimu haijasogea hata siku moja, na umweleze kwa adabu kwamba mtu wa afya ya jamii anayeweza kukifanya kijiji kikae saa mbili kikisikiliza ana kitu ambacho wenzake wengi hawana. Mzazi aliyekusomesha ana haki ya kuona mpango ulioandikwa.

Katika kozi ya historia utasoma Broadway, zile kumbi kubwa za maonyesho za New York, na ni vizuri. Hakikisha pia unasoma "Shuffle Along" ya mwaka 1921, onyesho la Noble Sissle na Eubie Blake lililoandikwa na kuchezwa na Wamarekani weusi, kwa kuwa kuna walimu wanaoanza na 1943 kana kwamba kabla yake palikuwa kiza. Na ukitakiwa kuandika insha ndefu, andika kuhusu kwetu. Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa wa Kampala, aliandika tamthilia ya muziki kwa Kiganda, "Oluyimba lwa Wankoko", na muziki wake ukatungwa na Wassanyi Serukenya. Ilipelekwa kwenye tamasha kubwa la sanaa za Afrika Lagos mwaka 1977, na mwaka huohuo Kawadwa alikamatwa na kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kenya, mwaka 1982, kikundi cha Kamirithu kilinyimwa Ukumbi wa Taifa kuonyesha "Maitu Njugira" ya Ngugi wa Thiong'o, kikaendelea na mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi huku umati ukifurika kuyatazama, hadi hayo nayo yakazuiwa. Wanafunzi wenzako hawajawahi kusikia habari hizi. Mwalimu mzuri atafurahi kuzisoma, na wewe utaingia darasani ukijua kwamba sanaa hii ina makaburi yake Afrika Mashariki.

Kuhusu kazi ya jukwaani huku, nitakuwa mkweli kabisa. Kwenye usaili wa maonyesho ya kulipwa hakuna anayekuuliza fani ndogo yako ilikuwa nini. Wanakusikiliza. Zaidi ya hapo, wewe una viza ya mwanafunzi, F-1, na sheria zake zinagusa jambo hili moja kwa moja. Wakati wa muhula unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki. Kazi ya nje ya chuo inahitaji kibali, na kile kibali cha kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu, OPT, lazima kazi yake ihusiane moja kwa moja na fani kuu. Fani ndogo haikupi haki hiyo. Kwa hiyo fani ndogo ya tamthilia haifungui mlango wa kulipwa jukwaani. Kibali chako kitatokana na Afya ya Jamii. Na hili lisikupite: kuimba harusini kwa malipo, hata kidogo, hata kwa Watanzania wenzetu, bila kibali, ni kufanya kazi kinyume cha sheria, na kunaweza kukugharimu viza na ufadhili wote. Kitu chochote cha nje ya chuo, hata wakisema ni cha kujitolea, kipeleke kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Maonyesho ya idara yenyewe ni sehemu ya masomo, hayana shida. Tena kuna njia nzuri ambayo wengi hawaijui. Idara za tamthilia huajiri wanafunzi kwa saa: karakana ya mavazi, karakana ya mapambo ya jukwaa, taa, dirisha la tiketi. Hiyo ni kazi ya ndani ya chuo. Omba karakana ya mavazi au taa. Utalipwa, na utajifunza upande wa sanaa ambao ukirudi nyumbani utakutana na upungufu wake kila mahali, maana waimbaji tunao wengi, lakini mtu anayejua kuweka taa ya jukwaa vizuri ni wa kutafuta.

Fedha nitaipitia haraka. Vyuo vingi hutoza ada moja kwa krediti 12 hadi 18 kwa muhula, na ukizidi hapo unaongezewa. Masomo ya sauti ya peke yako mara nyingi yana malipo yake ya pembeni, na viatu vya dansi utanunua mwenyewe. Soma barua ya ufadhili uone kama inalipia vitu hivyo. Kama haisemi, waulize kwa barua pepe ili jibu lao ubaki nalo.

Muda ndio utakaokubana kuliko fedha. Onyesho moja la muziki lina mazoezi ya jioni kwa wiki 5 au 6, karibu kila siku ya kazi, kisha wiki ya mwisho ya kuunganisha taa, mavazi na bendi ambayo hutalala mapema. Chukua onyesho moja kwa mwaka. Muhula wenye takwimu za afya na epidemiolojia, usiingie onyesho lolote, hata wakikubembeleza. Ufadhili wako unategemea alama zako, na hakuna mwongozaji atakayekulipia ada zikishuka.

Mwisho umeuliza kama waweza kuimba Kiswahili kwenye usaili. Soma tangazo. Likisema unahitajika wimbo wa mtindo fulani wa tamthilia, leta huo. Mara nyingi wataomba vipimo (bars) 16 au 32 tu vya wimbo, yaani nusu dakika au dakika moja, kwa hiyo chagua kipande ambacho mtu anaanza akiwa na hali moja na kumaliza akiwa na nyingine, usichague kipande chenye nota ya juu tu. Andaa wimbo mmoja wa Kiingereza kutoka kwenye tamthilia na mmoja wa Kiswahili. Imba wa Kiingereza kwanza. Wakikuuliza una kingine, hapo toa wa Kiswahili, na kabla ya kuanza waambie kwa sentensi moja nani anamwambia nani na anataka nini. Hawatajua maneno, lakini wataona kama unajua unachokisema.

Mpiga piano wa usaili atakuwa mtu usiyemjua, na hatasoma solfa. Kwa hiyo wimbo wako wa Kiswahili uandikwe kwa nota za mistari, katika ufunguo unaouimba, na mwenzako wa idara ya muziki anaweza kukusaidia kazi hiyo kwa siku mbili. Weka karatasi kwenye faili la pete, zimechapwa pande zote mbili ili asigeuze mara nyingi, na utie alama ya penseli unapoanzia na unapoishia. Ukifika kwenye piano, msalimie, mwonyeshe alama hizo, kisha mwimbie kwa sauti ya chini mistari miwili kwa mwendo unaoutaka. Usimpigie vidole wala makofi kumwonyesha mapigo. Wengi hukereka, na huyo ndiye atakayekubeba kwa nusu dakika ijayo.